Mwanzi Wenye Sweta

Juzi mlinipigia simu mkiwa mnasafisha stoo ya studio. Mmoja wenu, ambaye sitamtaja, akaniuliza, "Mzee, kuna mwanzi mrefu huku umevalishwa sweta ya mtoto mchanga. Tuutupe?" Nikamwambia asiuguse hata kwa kidole. Nikakata simu, nikanywa maji, nikatafuta kalamu. Nimegundua kwamba mtu anaweza kufanya kazi ya picha mpaka mgongo ukapinda, akastaafu, akafanyiwa sherehe ya keki na soda, na bado anaowaachia kazi wasijue alikuwa anafanya nini. Huo mwanzi ndio ulionilisha. Mke pia umenipa huo huo. Kwa hiyo kaeni.

Shule niliiacha kijijini Chala, darasa la tano. Sikufukuzwa, wala ada haikunishinda. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na barabara ilikuwa na malori. Siku moja lori la mahindi likaharibika mbele ya shule, nikatoka kwenda kuona linavyotengenezwa, na lilipopona nikaondoka nalo. Nikawa utingo. Baadaye nikaendesha mashine ya kusaga, nikauza dagaa wa Kirando, nikachoma matofali, nikawa msaidizi wa mganga wa meno ambaye baadaye tuligundua hakuwa mganga wa meno. Kila kazi niliipenda mpaka siku niliyoielewa. Nikishaielewa, miguu inaanza kuwasha.

Kazi hii ya picha sikuiomba. Nilifuata waya. Ilikuwa miaka ile biashara zilipoachiwa huru, deki za video zikawa zinapita Tunduma pamoja na redio kaseti na mitumba, na Sumbawanga mjini kila mwenye chumba kikubwa na mapazia mazito alifungua banda la video. Nilishuka kwenye lori, nikaona waya unatoka nyuma ya nyumba, unapita juu ya mti wa mpera, unaingia dirishani kwenye giza na vicheko. Nikaufuata upande wa nyuma kwanza. Nikakuta jenereta inakohoa na hakuna anayeitazama. Nikaigusa hapa na pale kama nilivyojifunza kwenye mashine ya kusaga, ikatulia. Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamume aliyevaa koti la suti na kandambili.

"Wewe nani?"

"Mpita njia."

"Umeifanyaje hiyo jenereta?"

"Nimeisafisha pua."

"Basi usipite tena. Kaa hapo hapo."

Huyo ndiye Oswaldi, bosi wangu kwa maisha yote yaliyobaki ya kazi. Alikuwa karani wa ghala la ushirika mpaka ghala lilipokosa kitu cha kuhifadhi. Wenzake walirudi kulima. Yeye akafungua banda, na banda lilipokubali, akanunua kamera, ile kubwa ya kubeba begani inayomeza kanda nzima nzima. Alikuwa mtu wa kwanza mjini kurekodi harusi, na alitembea na kamera hiyo kama mtu aliyebeba mtoto wa kifalme. Mimi nilibeba kila kitu kingine.

Harusi yetu ya kwanza ilikuwa ya mwenye duka mmoja. Picha zilitoka safi. Sauti ilikuwa ya jenereta. Padri anafungua mdomo, jenereta inaongea. Bibi harusi anasema ndiyo, jenereta inamjibu. Mwenye duka alitazama mpaka mwisho, akauliza kwa upole kama kweli ameoa. Oswaldi akanituma kwa Fundi Gaspari, mtengeneza redio wa sokoni, nikajifunze sauti.

Fundi Gaspari alikuwa na jicho moja zima na masikio ya popo. Nilimkuta ameinamia redio, nikaanza kuuliza maswali. Akanyoosha kidole juu, ninyamaze. Nikanyamaza. Tukakaa hivyo muda, nikaanza kufikiri amelala.

"Umesikia nini?" akauliza.

"Hakuna kitu."

"Rudi kesho."

Kesho yake nilisikia cherehani, jogoo, mwanamke akibishania bei ya nyanya, na bati linalogongwa na upepo. Ndipo akaanza kunifundisha. Alinifundisha kwamba kipaza sauti hakina adabu, kinapokea kila kinachosemwa mbele yake, kwa hiyo kazi ya fundi ni kukisogeza karibu na mdomo unaotakiwa. Alinikatia mwanzi, tukafunga kipaza sauti kwenye ncha, waya ukashuka mpaka kwenye kamera. Na akanifundisha jambo ambalo nyinyi vijana mnaliruka kila siku: mkimaliza kurekodi mahali, kabla mwongozaji hajasema kata, acheni ukimya kidogo. Kila chumba kina ukimya wake. Ukiwa nao kwenye kanda, baadaye una kitambaa cha kuzibia matundu. Huna, matundu yanabaki. Nimeacha ukimya mwishoni mwa kila kitu tangu siku hiyo. Hata nikimaliza kula naacha kidogo kabla ya kuinuka.

Kilichobaki kutushinda kilikuwa upepo. Mnaujua upepo wa Ufipa mwezi wa sita, unavyotoka kule juu bila kuombwa na kuingia kwenye kila kitu. Kwenye kipaza sauti unavuma kama lori linalopanda mlima. Tulijaribu soksi. Tulijaribu godoro. Tulijaribu manyoya ya mbuzi, mbwa wa mtaa wa Chanji wakatufuata siku nzima. Mwishowe nikasikia kuna dada huko huko Chanji anafuma masweta ya watoto, nikaenda na mwanzi wangu begani.

Alikuwa amekaa barazani, sindano mbili zinakwenda bila yeye kuzitazama.

"Dada, nataka sweta."

"Ya nani?"

Nikamshushia ncha ya mwanzi mpaka magotini pake. Akakitazama kile kipaza sauti juu na chini.

"Ana miezi mingapi?" akauliza, bila kucheka.

"Mdogo bado. Ila analia sana penye upepo."

"Basi tumfumie ya shingo ndefu."

Huyo ndiye Editha. Sweta ilipokuwa tayari niliichukua, na wiki iliyofuata nikarudi kusema imebana. Akailegeza. Nikarudi kusema imelegea. Akaniambia, "Kaka, mtoto wako hakui wala hapungui. Kama una jambo, liseme, nina masweta ya watu." Nikalisema. Akasema hana kipingamizi, lakini nyumba ina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa baba yake, Mzee Kamilo. Alikuwa ameongoza kwaya ya parokia mpaka sauti za vijana zikamchosha, na sasa alikaa barazani akipokea salamu. Sijaona mtu aliyependa kuamkiwa kama yule. Aliwaitikia watoto wa shule, walevi, wachuuzi, na hata watu waliokuwa wanamsalimia mtu mwingine ng'ambo ya barabara. Wanaojua adabu za kwetu walichuchumaa mbele yake na kupiga makofi taratibu, naye akaitikia kwa sauti ya kwaya, neno likiwa na mwanzo, katikati na mwisho: "Ma-ra-habaa." Unaweza kulisikia mpaka kwenye bomba la maji.

Mimi nilimsalimia kwa kuchuchumaa, kwa makofi, kwa kofia mkononi. Alitazama milima.

Nikamwomba Oswaldi awe mshenga. Akavaa koti lake, safari hii na viatu, tukaenda. Mimi nikabaki uani nyuma ya dirisha. Nilisikia yote, kusikia ndiyo kazi yangu.

"Oswaldi, wewe ni mtu mzima," Mzee alisema. "Unaniletea mtu ambaye kazi yake ni kuning'iniza sweta ya mtoto juu ya vichwa vya watu?"

"Mzee, ni fundi wa sauti."

"Sauti anazitengeneza yeye?"

"Hazitengenezi. Anazishika."

"Akishazishika anazipeleka wapi?"

Oswaldi, aliyekuwa na jibu kwa kila mteja, akakosa jibu. Mzee akaendelea: "Hana shamba. Hakai mahali. Amekuwa utingo, amekuwa muuza dagaa, nasikia amewang'oa watu meno. Sikatai, wala sikubali. Mimi ni mtu wa salamu. Siku nitakayomwitikia shikamoo yake, mjue nimempa binti. Mpaka siku hiyo, mwambie aendelee kusalimia. Kusalimia hakukatazwi."

Nikasalimia. Masika yakaja nikisalimia, mavuno yakaja nikisalimia. Majirani walianza kuchungulia nikipita, waone kama leo nitaitikiwa. Editha akikaa na sindano zake, nikisema "Shikamoo, baba," sindano zinasimama. Baba akitazama milima, sindano zinaendelea. Mara ya mwisho zilipoendelea, niliona zinakwenda haraka kuliko kawaida na ameinamisha kichwa. Baadaye akaniambia kwamba amechoka kusubiri neno moja kama mtu anayesubiri mvua, na kuna mtu wa Namanyere ametuma wazee. Nikajua nikiendelea kuisalimia milima, nitamkosa.

Wakati huo huo Oswaldi akaamua harusi hazitoshi, tutengeneze picha kamili ya kuigiza. Hadithi aliitunga mwenyewe: baba tajiri wa ng'ombe anafariki, wanawe wanagombania urithi, wanajuta. Ya kusikitisha sana, alisema. Watu watalia mpaka Mpanda.

Ng'ombe tulipewa na Masanja, mfugaji wa Milepa kule bondeni, mtu wa kicheko kikubwa, kwa sharti kwamba naye aigize. Akawa mtoto mkubwa wa marehemu, ingawa ndugu zake wote katika picha walikuwa Wafipa na yeye Msukuma mtupu. Oswaldi alisema watazamaji hawataangalia hilo. Walioangalia hilo walikuwa wengi, lakini hayo ni ya baadaye.

Nyumba iliyofaa ilikuwa moja tu, ya Mzee Kamilo, yenye baraza pana na sebule yenye madirisha mawili makubwa. Mzee akakubali kuitoa endapo naye atakuwemo. Tukampa sehemu ya mtemi. Hakukumbuka neno hata moja. Kila alipotakiwa kusema, aliimba. Oswaldi akamfuata kwa unyenyekevu.

"Mzee, tumefikiri uwe marehemu."

"Marehemu ana maneno mangapi?"

"Hana."

"Basi hiyo siyo sehemu. Hiyo ni fanicha."

"Mzee, picha nzima inamhusu yeye. Kila atakayeingia atamzungumzia yeye. Atalala katikati ya sebule, na kamera itamtazama kuliko wote."

Mzee akafikiri. "Shuka itakuwa nyeupe?"

"Mpya."

Akakubali.

Matatizo yalianza asubuhi ya kwanza. Kazi ya kumpaka marehemu unga usoni na kumfunga kitambaa kidevuni ilikuwa yangu, kwa sababu kila kazi isiyo na mwenyewe ilikuwa yangu. Lakini mtu ambaye unamposa binti yake humgusi uso, na Mzee mwenyewe alifumbua jicho moja, akasema, "Huyo asinisogelee." Editha ndiye aliyempaka unga baba yake, huku mabega yake yakitetemeka kwa kucheka, na mara mbili akamwaga unga machoni mwa marehemu.

Kisha Oswaldi akasema tayari. Masanja akaingia kutoka uani, mfiwa mwenye majonzi, akasimama mlangoni, na kama mtu aliyelelewa vizuri akasema, "Shikamooni."

"Ma-ra-habaa," akasema marehemu.

"Kata! Mzee, wewe umekufa."

"Najua."

"Maiti haiitikii."

"Basi asisalimie. Mtoto wa watu katoka Milepa na ng'ombe wake, kaingia nyumbani kwangu, kanisalimia, nimnyamazie? Huko bondeni atakwenda kusema nini?"

Tukarudia. Masanja akajitahidi, lakini ulimi ulimtangulia. Marehemu akaitikia. Akaingia mwigizaji mwingine, binti wa shule, naye ndiyo kabisa: akachuchumaa na kupiga makofi. Marehemu akaitikia kwa madaha na kumuuliza hali ya nyumbani. Oswaldi akapiga marufuku salamu. Masanja akaingia kimya, akasimama, akawa anatazama kabati na redio kwa wasiwasi.

"Bosi, siwezi," akasema. "Nikiingia nyumba ya mtu bila kusalimia najiona nimekuja kuiba godoro."

Mimi nilikuwa nimesimama na mwanzi juu ya yote hayo, hedifoni masikioni, nikisikia kila marahaba kwa ukaribu kuliko mtu yeyote. Msiniambie mimi habari za wivu. Nimemwonea wivu mfugaji wa Milepa kwa sababu ya maiti.

Ufumbuzi aliutoa Editha. Alisema baba apewe salamu zake zote kabla ya kazi, ashibe. Basi asubuhi iliyofuata waigizaji wote, na wanakwaya tuliowaalika kulia, na wachunga ng'ombe, wakapanga mstari barazani. Mmoja mmoja akasalimia, mmoja mmoja akaitikiwa. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikaweka mwanzi chini, nikachuchumaa, nikapiga makofi.

"Shikamoo, baba."

Mzee akajifunika shuka. "Tuanze kazi," akasema.

Siku hiyo ilikuwa ya kilio. Kanda zilikuwa zimeliwa na marahaba, imebaki moja, na Oswaldi alimwapisha Mzee: leo ukifumbua mdomo, picha imekufa badala yako. Mzee akaapa. Na kweli akalala kama gogo. Kamera ikawekwa kwenye stendi. Wanakwaya wakaanza kulia, na hapo ndipo tulipokosea. Oswaldi alikuwa amemjulisha balozi wa nyumba kumi tu kwamba msiba ni wa kuigiza. Akasahau kwamba wale kina mama ni waimbaji, wana pumzi, na wanajua kupanga sauti. Walilia sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Chanji nzima ikasikia msiba kwa Kamilo.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Skola, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka shamba, hajui habari ya picha. Alikuwa na beseni la unga kichwani na kuni kwapani, kama kila mtu wa kwetu anavyokwenda msibani. Nyuma yake kulikuwa na wengine na maharage, na vyungu, na mbuzi mmoja. Nikamtazama Oswaldi. Nikaona macho yake yanawaka. Watu wengi, machozi ya kweli, na hakuna anayedai chai. Akanifanyia ishara: endelea.

Mama Skola akatua beseni, akasimama kando ya kitanda, akamtazama jirani yake. Nikamsogezea mwanzi.

"Kamilo," akaanza, "ndiyo umeondoka hivyo hivyo, jeuri yako bado imo mwilini?"

Kwenye hedifoni nilisikia pumzi ya marehemu inasita.

"Mtu mzuri ulikuwa. Hilo sikatai. Nilipougua ulinilimia. Lakini kwa Editha, Kamilo, hapana. Mwalimu alikuja, ukasema ana miguu myembamba. Wa duka la dawa akaja, ukasema anakohoa. Na huyu wa mwanzi, mtoto wa watu, amekuchuchumalia kama mwenye deni mpaka suruali imetoboka magoti. Ulimwitikia? Hukumwitikia. Mbwa wangu ulikuwa unamwitikia! Sasa umekwenda, na binti umemwachia nani? Umeiachia milima?"

Watu wakalia kwa nguvu zaidi. Editha, aliyekuwa amesimama pembeni na sahani ya unga wa kupaka, hakuwa anacheka tena. Kutoka chini ya kope iliyofungwa ya Mzee Kamilo likatoka chozi, likashuka na kuchora mstari kwenye unga. Nikafikiri: huyu mzee kumbe ni mwigizaji.

Mama Skola akanigeukia. "Na wewe, unaning'iniza nini hapo? Piga magoti umuage mkweo, hata kama alikukataa." Akanivuta mkono, hedifoni zikaangukia shingoni. Nikajikuta nimepiga magoti ubavuni mwa kitanda, mwanzi nimeuegemeza begani. Nyumba nzima inanitazama. Sikuwa na neno lingine zaidi ya lile lile. Nikapiga makofi polepole.

"Shikamoo, baba."

Nikaacha ukimya kidogo, kwa mazoea.

"Marahaba," akasema marehemu.

Mama Skola alitoka kupitia dirishani, na kama mnamkumbuka umbo lake mtashangaa kama nilivyoshangaa. Wengine walipita mlangoni wote kwa pamoja, mlango ukaondoka nao. Masanja hakusimama mpaka alipofika kwa ng'ombe, na ng'ombe walipomwona naye wakakimbia. Wanakwaya, waliomsalimia mtu huyo huyo asubuhi ile na kuitikiwa, walikimbia. Oswaldi aliikimbia kamera yake. Mimi niliyejua yu hai, niliyesikia pumzi zake tangu asubuhi, nilidondosha mwanzi na nikajikuta kwenye bomba la maji. Msiniulize. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo muda mrefu, na lilipokuja sikuwa tayari.

Aliyebaki nyumbani ni Editha peke yake, naye alikuwa amekimbilia jikoni.

Tuliporudi mmoja mmoja, Mzee alikuwa amekaa kitandani anajifuta unga. Mama Skola akamsema mpaka akaishiwa maneno, kisha akasema unga ukishapelekwa msibani haurudi nyumbani, kwa hiyo upikwe. Ukapikwa, na mbuzi akachinjwa, na marehemu akala kuliko wafiwa wote. Watu walipokuwa wanakula, balozi akamwambia, "Kamilo, hongera. Umemwitikia kijana. Harusi lini?"

Mzee akaweka tonge chini. "Nilikuwa nimekufa," akasema. "Neno la maiti halimfungi mtu aliye hai."

"Lakini umeitikia."

"Mazoea tu. Hata mbuzi angenisalimia ningemwitikia. Wenyewe mmesema naitikia mpaka mbwa."

Watu wakagawanyika pale pale. Waliosema imekubalika walikaa upande wa sufuria la nyama, waliosema haijakubalika upande wa maharage, kisha wakaanza kuhamahama kufuata nyama. Editha alivua aproni, akaikunja, akamwambia Oswaldi, "Kanda iko wapi? Twendeni tukaisikilize. Kama ni mazoea, nitajibu wazee wa Namanyere leo leo."

Tukaenda banda la video, jua bado liko juu. Waliokuwa ndani wakitazama picha ya ngumi waliambiwa kuna kesi, wakakaa kuona kesi. Mzee akapewa kiti cha mbele. Nikaweka kanda kwenye deki. Tukaona Mama Skola akisema, mwenyewe akajificha uso. Tukaniona mimi napiga magoti. Tukasikia, "Marahaba." Kisha watu wanayeyuka kutoka kwenye picha, stendi inatikisika, sebule inabaki tupu, na maiti kitandani.

"Mmeona?" akasema Mzee. "Mazoea."

Lakini kanda ilikuwa bado inakwenda. Mwanzi wangu ulikuwa umeangukia kifuani kwake, sweta ya shingo ndefu chini ya kidevu kabisa. Upepo ulikuwa unavuma kwenye madirisha yaliyo wazi, na hatukuusikia. Tulimsikia Mzee Kamilo anameza mate. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akasema: "Marahaba, mkwe. Mtunze." Kitanda kikalia. Halafu: "Sasa mnakimbilia wapi?"

Mama Skola akautoa uso mikononi.

"Rudisha nyuma," akasema Mzee.

Nikarudisha. Akasikiliza.

"Rudisha tena."

Nikarudisha tena. Akasikiliza huku ameinamisha kichwa, kama anavyowasikiliza wanakwaya. Mwisho akamgeukia Oswaldi. "Siku ile nilikuuliza akishazishika anazipeleka wapi, hukunijibu."

"Sikuwa na jibu, Mzee."

"Anazileta hapa," akasema. Akainuka, akavaa kofia. "Ila sauti yangu ni nzuri. Hilo muandike."

Harusi yetu ilirekodiwa na Oswaldi, picha safi kabisa, sauti hamna. Mshika mwanzi alikuwa bwana harusi. Ile picha ya kusikitisha ilioneshwa mpaka Mpanda kama tulivyotaka, na watu walilia kweli, kwa kucheka. Oswaldi alinuna kidogo, kisha akasema ndivyo alivyoikusudia tangu mwanzo. Sikuhama tena. Kazi hii sikuwahi kuielewa mpaka mwisho, ndiyo maana miguu haikuwasha.

Mzee Kamilo alituacha miaka mingi baadaye, safari hii bila kamera. Chanji walikuja na unga na kuni, ingawa Mama Skola, aliyekuwa amezeeka, alisimama kwanza mlangoni na kuuliza mara mbili kama tuna uhakika. Zamu yangu ya kuaga ilipofika nilipiga magoti ubavuni mwa kitanda, nikapiga makofi polepole.

"Shikamoo, baba."

Nikaacha ukimya. Watu walidhani nasali. Niliuacha mrefu kuliko inavyotakiwa kazini, mpaka Editha akaja akanigusa bega.

Mwanzi uacheni hapo hapo stoo. Nakuja kuuchukua mwenyewe.